Uhusiano wa umma na safari za anga: ni nini hasa kiliwafanya watu wachangamke?

Afisa_Habari_Moro ameuliza:

Wakuu, salaam. Kuna setilaiti ndogo ya 3U (sm 10 kwa 10 kwa 30) inayojengwa chuoni, na kitengo cha uhusiano kimeagizwa kuandika mpango wa mawasiliano wa mwaka mmoja na nusu: kabla ya kurushwa, siku yenyewe, na miezi ya baadaye. Rasimu iliyopo ina fulana, mabango, mgeni rasmi na keki. Hakuna hata mstari mmoja unaosema mwananchi wa kawaida atafanya nini na hiyo setilaiti.

Kila kikao mtu anatoa mfano wa NASA, shirika la anga la Marekani, na Apollo, safari zake za Mwezini, kwamba "walijua kujitangaza". Wenye kuijua kazi hii nisaidieni: walifanya nini hasa? Kipi kilifanya kazi na kipi ni hadithi tu? Na roketi ikilipuka huku mgeni rasmi yuko jukwaani, afisa uhusiano anasema nini? Majibu ya "tumieni mitandao ya kijamii" ninayo ya kutosha.

---

Darubini amejibu:

Mkuu, weka fulana pembeni kwanza, tuanze na sheria. Sheria iliyounda NASA mwaka 1958 iliiagiza ieneze habari za kazi zake na matokeo yake kwa upana wote unaowezekana na unaofaa. Kwa hiyo ofisi ya habari ilikuwa inatekeleza wajibu, na mhandisi aliyetaka kuficha jambo ndiye aliyepaswa kujieleza.

Wasovieti walikwenda njia nyingine. Safari ya Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, 12 Aprili 1961, ilitangazwa akiwa tayari angani. Jina la Korolev, mhandisi mkuu aliyewatengenezea roketi, halikuwekwa hadharani hadi alipofariki Januari 1966. Wamarekani walimrusha mwanaanga wao wa kwanza, Alan Shepard, tarehe 5 Mei 1961 mbele ya kamera za televisheni, bila yeyote kujua kama atarudi mzima. Ni tofauti ya kutazama mechi ikichezwa na kutazama marudio ukiwa umeshaambiwa matokeo. Mchangamko wa Apollo ulianzia hapo, kwenye kukubali kuonekana kabla ya kufanikiwa.

Sasa namna walivyoifanya kazi yenyewe. Julian Scheer, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, aliongoza ofisi ya habari ya NASA karibu muongo mzima wa Apollo. Aliiendesha kama chumba cha habari. Vitu vitatu vya kuiga:

Kwanza, kabrasha la waandishi. La Apollo 11, safari ya kwanza kushusha watu Mwezini, lilikuwa na takriban kurasa 250: ratiba ya safari, uzito wa kila sehemu, michoro, maelezo ya kila jaribio la kisayansi, wasifu wa wanaanga. Mwandishi asiyejua fizikia aliweza kuandika habari sahihi saa nane za usiku bila kumpigia mtu simu. Ninyi mnahitaji kurasa 12 tu, ila ziwe na namba. Andikeni uzito, kimo cha obiti (njia ya kuizunguka Dunia), masafa ya redio, betri ina uwezo gani, kamera inaona kitu cha ukubwa gani ardhini. Taarifa yenye "mafanikio makubwa kwa taifa" isiyo na namba hata moja, mhariri ataikata ibaki aya mbili, na ana haki.

Pili, sauti. Afisa habari alikaa ndani ya chumba cha uongozaji akieleza kinachoendelea kwa maneno ya kawaida, na mazungumzo ya wanaanga na kituo cha uongozaji cha Houston yakapelekwa kwa waandishi. Siku ya kurusha msimpe kipaza sauti mshereheshaji wa harusi. Mpeni mhandisi mmoja anayeongea vizuri, na pembeni yake awepo mtu wa kumuuliza "hiyo maana yake nini?"

Tatu, picha. Walikuwepo wahandisi waliotaka kamera ya televisheni iachwe, kwa sababu ya uzito na kazi ya ziada kwa wanaanga. Scheer aling'ang'ania. Ile ya Apollo 11 ilikuwa na takriban kilo 3.3, ikitoa fremu 10 kwa sekunde na mistari 320, kwa kuwa nafasi ya kurushia picha kwenye mawimbi ilikuwa finyu. Ardhini ilibidi kamera nyingine ielekezwe kwenye kioo ili kuigeuza kuwa mistari 525 ya televisheni ya Marekani, ndiyo maana picha ile ina ukungu. Watu takriban milioni 600 waliitazama hivyohivyo. Ubora haukuwa tatizo. Tatizo lingekuwa kutokuwa na picha kabisa, na uamuzi wa namna hiyo hufanywa miezi mingi kabla, kwenye jedwali la uzito. Kwa hiyo afisa uhusiano akae kwenye vikao vya usanifu tangu mwanzo. Akiitwa wiki ya mwisho ataambiwa nafasi imekwisha.

Waliharibu wapi? Mwaka 1959 wanaanga saba wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, waliruhusiwa kuuza simulizi zao binafsi kwa jarida la Life kwa dola 500,000. Jarida likapata habari za kupaka asali, na vyombo vingine vikanuna. Msimpe mtu mmoja haki ya peke yake.

---

Kaskazi amejibu:

Nakubaliana na Darubini kuhusu namna walivyofanya kazi, ila asikuache ukaamini kwamba Wamarekani wote walikuwa wanaipenda Apollo. Mwanahistoria Roger Launius amekusanya kura za maoni za wakati ule. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960, asilimia 45 hadi 60 ya waliohojiwa walisema serikali inatumia fedha nyingi mno angani. Hata Julai 1969, waliosema gharama ilistahili walizidi nusu kidogo tu. Bajeti ya NASA ilifika kileleni mwaka 1966, takriban asilimia 4.4 ya matumizi ya serikali kuu, kisha ikaanza kushuka kabla mtu hajakanyaga Mwezi. Kilichoilinda kilikuwa ushindani na Moscow. Uhusiano wa umma uliwasha shauku ya tukio, na ni vizuri ukaandika hivyo kwenye mpango wako, ili mkuu wa chuo asije akadhani video nzuri italeta ruzuku.

Shauku ya tukio hupoa upesi. Novemba 1969, Apollo 12 ilibeba kamera ya rangi, ikaelekezwa kwenye Jua kwa bahati mbaya, ikaungua. Watazamaji wakabaki na sauti tu, na stesheni moja ikaigiza matembezi ya Mwezini kwa vikaragosi. Aprili 1970 wanaanga wa Apollo 13 walituma kipindi chao, na stesheni kubwa hazikukirusha. Muda mfupi baadaye tangi la oksijeni likalipuka, ndipo dunia nzima ikarudi kwenye redio. Mwaka huohuo safari tatu zilizokuwa zimepangwa zikafutwa.

Kinachodumu ni uhusiano wa muda mrefu na kitu kinachoendelea kutoa. Chombo cha Hubble, darubini ya NASA iliyoko angani, ni mfano bora. Kilianza vibaya mwaka 1990, kioo kikiwa kimesuguliwa kimakosa kwa mikroni 2.2 (elfu mbili na kitu za milimita) pembeni, kikawa kichekesho hadi kilipotengenezwa Desemba 1993. Baada ya hapo picha ziliendelea kutoka mwezi kwa mwezi, bure, kwa yeyote. Januari 2004 NASA ilipotangaza kufuta safari ya mwisho ya matengenezo, wananchi, wanasayansi na wabunge wakapiga kelele. Oktoba 2006 uamuzi ukageuzwa, na Mei 2009 wanaanga wakaenda. Watu walikitetea chombo walichokuwa wakipokea kitu kutoka kwake kwa miaka zaidi ya kumi.

Kwenu: gawanyeni fedha. Theluthi moja isizidi kwenda kwenye siku ya kurusha. Na hafla isifungwe kwenye tarehe, maana setilaiti ndogo hupanda kama abiria kwenye roketi ya mtu mwingine, na mwenye roketi hatawasubiri. Taifa-1 ya Kenya iliahirishwa zaidi ya mara moja Aprili 2023 kabla ya kuondoka tarehe 15 pamoja na makumi ya setilaiti nyingine. Fanyeni hafla kubwa siku ya kuikabidhi setilaiti kwa ajili ya safari, maana tarehe hiyo mnaitawala wenyewe, na kifaa chenyewe kinaonekana na kupigwa picha. Siku ya kurusha iwe mkesha wa kutazama tu, viti na skrini.

Jina nalo lipangwe mapema. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya X angani iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa vile siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya NASA, iliyorushwa na Waitaliano, lakini hadi leo wanafunzi wa astronomia duniani kote wanalitaja neno la Kiswahili. Haikugharimu hata senti.

---

Bi_Nyota amejibu:

Nije kwenye swali la mgeni rasmi na roketi inayolipuka, maana wengi hulikwepa kwa kuogopa uchuro.

Tarehe 28 Januari 1986 Challenger, chombo cha NASA cha kubeba wanaanga, ilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, saa 5 na dakika 39 asubuhi kwa saa za Florida. Ndani alikuwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, aliyechaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 11,000, na madarasa mengi yalikuwa yakitazama kwa sababu yake. Mkutano wa kwanza na waandishi ulifanyika jioni, baada ya muda wa karibu saa tano. Katika pengo hilo kila mwandishi alitafuta chanzo chake, na NASA ikapoteza imani iliyojengwa kwa robo karne. Linganisha na Columbia, chombo kingine cha aina hiyo kilichopotea na wanaanga wake, 1 Februari 2003. Mawasiliano yalipotea karibu saa 3 asubuhi. Mchana huohuo mkuu wa NASA alizungumza, na baadaye meneja wa programu, Ron Dittemore, akakaa mbele ya waandishi akieleza kile data inaonyesha na kile ambacho bado hakijulikani. Akarudi tena siku zilizofuata. Makosa ya kihandisi na kiutawala yalikuwepo mara zote mbili, na uchunguzi uliyasema wazi, lakini mara ya pili watu hawakuhisi wanafichwa.

Kwa hiyo andika taarifa nne sasa hivi, zisainiwe na mkuu wa chuo kabla ya wiki ya kurusha: imefanikiwa, imeahirishwa, roketi imeharibika, imefika obiti lakini haisikiki. Kila moja iwe na aya tatu: kinachojulikana na saa yake, kisichojulikana bado, na saa ya taarifa inayofuata. Hiyo aya ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Ukisema "tutarudi saa 12 jioni", waandishi watasubiri. Usiposema, watampigia fundi. Atajwe msemaji mmoja na msaidizi wake, na wanafunzi waliojenga waelezwe mapema nani anaongea. Mtoto wa miaka 22 aliyepoteza kazi ya miaka mitatu asiulizwe na kamera "unajisikiaje" bila kujiandaa.

Mgeni rasmi aambiwe uwezekano wa kushindwa kabla hajakubali mwaliko, na apewe sentensi mbili za kusema. Septemba 2019 Waziri Mkuu wa India alikuwa ukumbini Bengaluru wakati chombo cha Vikram kilipopoteza mawasiliano kikikaribia Mwezi. Hakuondoka kimyakimya, aliongea na wanasayansi, na picha yake akimkumbatia mwenyekiti wa ISRO, shirika la anga la India, aliyekuwa akilia ikaenea kila mahali. Walipojaribu tena, 23 Agosti 2023, matangazo ya ISRO kwenye YouTube yalikuwa na watazamaji zaidi ya milioni 8 kwa wakati mmoja. Kushindwa kuliko wazi hakukuwafukuza watu.

Kuna kosa la upande wa pili, la kutia chumvi. Mwishoni mwa Novemba 2010 NASA ilitoa tangazo la mkutano kuhusu ugunduzi utakaoathiri utafutaji wa uhai nje ya Dunia. Mtandao ukajaa viumbe wa angani. Siku ilipofika ikawa ni bakteria wa Ziwa Mono, California, waliodaiwa kutumia aseniki badala ya fosforasi, na kufikia 2012 maabara nyingine zilikuwa zimeshapinga dai lenyewe. Tangazo la mwaliko liseme mada na majina ya watoa mada, basi. Mafumbo muwaachie watu wa taarabu.

Na ukimya nao una bei yake, Zanzibar wanaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga kituo huko Unguja, Tunguu, cha kufuatilia vyombo vya Mercury. Mwanaanga John Glenn alizungumza nacho akipita juu ya Bahari ya Hindi, Februari 1962. Kilikuwa cha antena na redio, hakikuwa na roketi hata moja. Lakini makubaliano yalifanywa kati ya London na Washington wakati wa ukoloni, wenyeji wakitazama minara ikipanda, na wapinzani wa ukoloni wakakipinga kama kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, na kikaondolewa mwaka huohuo. Siasa za Vita Baridi zilikuwa na uzito wao, sisemi maelezo pekee yangekiokoa. Ila mkiweka antena juu ya paa la chuo, wiki hiyohiyo mwiteni mwenyekiti wa mtaa, imamu, mchungaji na walimu waje waiguse. La sivyo, mtasikia inaleta saratani.

---

Afisa_Habari_Moro:

Asanteni sana, Bi Nyota hapo kwenye taarifa nne umenifungua macho. Mambo mawili yamebaki. Watafiti wetu wanataka picha za kamera zikae kwao mpaka makala itoke. Na bado sijapata jibu la lile la mwanzo: mwananchi wa Kilosa atafanya nini na setilaiti hii?

---

Darubini:

La picha nitalijibu kwa mfano. Chombo cha Rosetta cha Ulaya kilipofika kwenye kometi, yaani nyota yenye mkia, mwaka 2014, timu ya kamera kuu, OSIRIS, ilikuwa na haki ya kushikilia data kwa miezi sita. Dunia ilikuwa macho, na picha nzuri zaidi zikawa kabatini. ESA, shirika la anga la Ulaya, ikaziba pengo kwa picha za NavCam, kamera ndogo ya kuongozea chombo. Upande wa pili kuna JunoCam, kamera ya chombo cha Juno cha NASA, iliyofika sayari ya Jupita Julai 2016. Hiyo haikupewa timu kubwa ya kusafisha picha. Data ghafi huwekwa wazi, na wananchi wanazisafisha wenyewe. Nyingi ya zile picha za dhoruba za buluu unazoziona zimetengenezwa na watu hao.

Njia ya kati kwenu: picha ndogo iliyobanwa itoke ndani ya saa 48 kwa kila mtu, faili kamili yenye vipimo ibaki kwa watafiti miezi sita, tarehe ikiandikwa. Hakuna jarida litakaloikataa makala kwa sababu ya picha ya pikseli 800. Chini ya kila picha iandikwe saa, mahali na kama rangi zimebadilishwa. Zile nguzo maarufu za nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya M16, picha ya Hubble ya mwaka 1995, salfa ilipewa nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu. Si udanganyifu, lakini usipoeleza, atakuja mtu na kusema umedanganya.

---

Mzee_Masafa:

Kijana wangu, la Kilosa ni langu. Mpe mwananchi kazi ya kuisikiliza.

Setilaiti nyingi za vyuo hutuma ishara ya utambulisho kwenye masafa ya redio za ridhaa, MHz 435 hadi 438. Masafa hayo lazima yaratibiwe na IARU, umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa, na mamlaka ya mawasiliano ya nchi iwasilishe taarifa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Anzeni mapema, maana hapa ndipo miradi hukwama. Yakishathibitishwa, chapisheni mambo manne kabla ya kurusha: masafa, kasi ya data, muundo wa pakiti (kifurushi cha data kinachotumwa) baiti kwa baiti, na programu ya kuzisoma. Wengi huficha muundo wa pakiti bila sababu yoyote, kisha wanashangaa hakuna aliyewasaidia.

Anayesikiliza anahitaji kompyuta, kipokezi cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye USB, na antena. Kwa MHz 437 robo ya wimbi ni takriban sm 17, fimbo za kuchomelea zinatosha. Antena ya Yagi yenye matawi matano au sita itasikia vizuri zaidi. Setilaiti hupita kwa dakika kama kumi hivi. Masafa yatahama kwa mwendo wake, takriban kHz 10 juu inapokuja na kHz 10 chini inapoondoka, kwa hiyo programu irekebishe, vinginevyo unasikia mlio lakini pakiti hazifunguki. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa wakidhani antena ni mbovu.

Wafanye mazoezi kabla. Kituo cha Kimataifa cha Anga huwa na vipindi vya kutuma picha kwa SSTV, njia ya kupeleka picha tuli polepole kwa redio, kwenye MHz 145.800, aghalabu kwa mtindo wa PD120, picha moja dakika mbili. Antena yake ni mikono miwili ya sm 49 iliyopanuliwa kama herufi V. Shule iliyokwisha kupata picha moja kutoka angani, hata yenye mistari ya kelele, haihitaji fulana yenu. Chagueni shule kumi, mwalimu mmoja kila shule, mafunzo ya siku mbili, na mtu wa kupigiwa simu vifaa vikigoma.

Siku ya kurusha, muwaeleze watu kwamba ukimya wa mwanzo ni wa kawaida. Kwa kanuni za CubeSat, yaani setilaiti ndogo za aina ya hii yenu, redio haiwashwi hadi dakika 45 zipite tangu setilaiti itoke kwenye sanduku lake. Kisha roketi moja humwaga makumi ya setilaiti pamoja, na huchukua siku kadhaa, pengine wiki, kujua namba ipi ya obiti ni yenu. Ndipo wasikilizaji wa mbali wanapookoa mradi. Sajilini setilaiti kwenye mtandao wa SatNOGS, wenye vituo vya kujitolea duniani kote, na wekeni cheti kwa wa kwanza kutuma pakiti iliyofunguka. Aliyeipata akiwa Kilosa, Ulaya au Japani, jina lake liwe kwenye taarifa ya habari ya jioni hiyo, kabla ya jina la mkuu wa chuo.

Na ile taarifa ya nne ya Bi Nyota, ya setilaiti isiyosikika, ongeza mstari mmoja: masafa yenyewe, na ombi kwa mwenye antena atege sikio. Zimewahi kupatikana setilaiti zilizokaa kimya muda mrefu, kwa sababu tu mtu fulani aliendelea kusikiliza.